Dalali wa Nyumba na Haki za Mwenye Kuuza

Katika mambo ambayo mtu huyafanya mara moja au mbili tu katika umri wake ni kuuza nyumba. Katika kununua unga na sukari kila mmoja wetu ni hodari, maana twanunua kila siku, na tukipunjwa leo kesho twahama duka. Lakini nyumba haina kesho. Ikishauzwa kwa hasara imekwisha, na hasara yenyewe si ya mtu mmoja; ni ya mke na watoto, na aghlabu ni ya ndugu waliorithi pamoja. Juu ya hayo, twaona wengi katika ndugu zetu huiendea kazi hii kwa wepesi kuliko wanavyoiendea kilo ya nyama. Hukutana na dalali barazani, wakamwambia, "Tutafutie mtu," na maneno yakaishia hapo. Dalali hakuulizwa ni nani, atafanya nini, wala atalipwa nini.

Basi mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, khasa walioko Mombasa na miji mingine ya pwani ya Kenya, mambo ambayo mwenye kuuza ana haki ya kuyatarajia kutoka kwa dalali wake. Jambo lote twaweza kulikusanya katika neno moja: dalali ni mtu uliyempa amana, na amana huwekwa kwa kuulizana na kuandikiana kabla ya kazi, si kwa kulaumiana baada yake.

Dalali ni nani?

Wako watu wanaoidharau kazi ya udalali wakadhani kuwa yote ni hadaa. Hilo si kweli. Zama za Bwana Mtume (S.A.W.) walikuwako watu wa kazi hii katika soko la Madina, wakiitwa masimsari. Sahaba Qays bin Abi Gharaza (R.A.) amepokea kwamba Bwana Mtume aliwapitia akawaita kwa jina lililo bora kuliko hilo, jina la wafanyabiashara, kisha akawaonya kwamba biashara huingiliwa na upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka. Na Imam Bukhari ametaja katika Sahihi yake kwamba Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Kwa hivyo kazi ni halali na ujira wake ni halali.

Lakini ni lazima tufahamu cheo chake. Dalali aliyepewa na mwenye nyumba kazi ya kuuza ni wakala wa mwenye nyumba. Si mwenye mali, si mshirika katika bei, wala si mtu wa mnunuzi. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema wazi kwamba wakala wa kuuza hawezi kujiuzia mwenyewe mali aliyopewa, wala hawezi kuiuza kwa bei iliyo chini mno ya bei ya soko, wala kuiuza kwa mkopo bila ya idhini. Ukiyafahamu haya matatu umekwisha kuzifahamu khiyana nyingi zinazotendeka mitaani.

Sifa mbili za kutafuta

Katika kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan, binti wa yule mzee alimshauri babake amwajiri Musa kwa sababu ya mambo mawili: ana nguvu na ni mwaminifu. Sifa hizi mbili ndizo za kutafuta kwa kila mtu wa kuajiriwa, na kwa dalali wa nyumba nguvu si ya mikono. Nguvu yake ni ujuzi: kuijua bei, kuzijua karatasi, na kuwajua wanunuzi. Dalali mwaminifu asiyejua kitu atakuuzia kwa hasara huku akikuombea dua. Na dalali hodari asiye mwaminifu atakuuzia vizuri sana, lakini faida itakuwa yake.

Jambo la kwanza la kumuuliza ni kama amesajiliwa. Kenya iko sheria ya mawakala wa nyumba tangu mwaka 1984, nayo ni Sura ya 533 katika sheria za nchi. Sheria hiyo imeweka bodi ya kuwasajili watu wa kazi hii, na imekataza mtu kuifanya bila ya kusajiliwa. Twajua kwamba mitaani wako wengi wasiosajiliwa, na katika hao wako watu wema waliozoeana na jamaa zetu miaka mingi. Lakini aliyesajiliwa ana mahali pa kushitakiwa akikosa, na asiyesajiliwa utamtafuta barazani usimwone. Muulize pia ameuza nyumba zipi karibuni, kisha nenda kwa waliouziwa na waliouza ukawaulize. Mtu mwema hachukizwi na swali hili.

Bei ya kweli

Haki ya kwanza ya mwenye kuuza ni kuambiwa bei ya kweli. Wako madalali wa namna mbili wa kujihadhari nao. Wa kwanza hukutajia bei kubwa ya kukufurahisha ili umpe kazi yeye badala ya wenziwe. Miezi ikapita, nyumba haina mtu, ndipo akaanza kukuteremsha ngazi kwa ngazi hadi ukachoka ukakubali lolote. Wa pili hukutajia bei ndogo, ama kwa kutaka ujira wa haraka, ama kwa kuwa mnunuzi ni yeye mwenyewe nyuma ya jina la shemegi yake.

Dawa ya wote wawili ni moja: dalali akikutajia bei, mwambie akuonyeshe ameitoa wapi. Nyumba gani za mtaa huo huo, za ukubwa huo huo, zimeuzwa karibuni, na kwa kiasi gani? Twasema zimeuzwa, hatusemi zimetangazwa, kwani bei ya kutangaza ni matumaini ya mwenye mali tu. Na kama mali ni kubwa, au warithi ni wengi na hawaaminiani, basi ni bora kumlipa mthamini aliyesajiliwa aandike thamani kwa karatasi. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya ndugu kutosemezana.

Karatasi kabla ya mnunuzi

Haki ya pili ni kwamba dalali azitazame karatasi zako kabla ya kuleta mtu. Dalali asiyetaka kuiona hati huyo hajui kazi yake. Na sisi watu wa pwani tuna mambo yetu matatu ya kuyaangalia zaidi.

La kwanza ni jina lililo katika hati. Nyumba nyingi zetu zingali na jina la babu aliyekufa zamani. Nyumba hiyo haiuziki kwa haki mpaka mirathi imalizwe mahakamani, kwa Kadhi kwa sisi Waislamu tulioridhia hukumu yake, na kila mrithi ajulikane na fungu lake. Dalali anayekwambia, "Hayo tutayamaliza baadaye," anakuingiza shimoni. Baadaye ndipo atokeapo dada aliyeolewa mbali ambaye hakuulizwa, na ana haki ya kuuliza.

La pili ni nyumba bila ardhi. Mombasa wako watu wengi wenye nyumba zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, nao humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Mwenye nyumba ya namna hii huuza kuta na paa, hauzi udongo. Ni wajibu wa dalali kumweleza mnunuzi hivyo kwa maneno yasiyo na mafumbo, na kukukumbusha wewe kumjulisha mwenye ardhi, na kuhakikisha kodi haidaiwi. Kuiuza nyumba ya namna hii kama kwamba ina ardhi yake ni hadaa, na kesi yake itakufuata wewe uliyeuza.

La tatu ni ndugu mshirika. Ikiwa nyumba ni ya shirika haijagawanywa, na mmoja ataka kuuza fungu lake, sharia imempa mshirika mwenziwe haki ya shufaa, yaani kutangulizwa mbele ya mgeni. Basi ulizaneni nyumbani kwanza, dalali baadaye. Na mume anayeuza nyumba wanayokaa na mkewe asimfiche mke. Aghlabu mwanasheria ataitaka ridhaa yake kwa maandishi, na hata kama hangeitaka, si insafu mtu kuuziwa dari iliyo juu ya kichwa chake bila ya kujua.

Kuonyesha nyumba

Haki ya tatu ni kazi yenyewe. Dalali aitangaze nyumba kwa sifa zake za kweli, alete wanunuzi wenye uwezo na si watazamaji wa kupitisha jioni, na akuletee kila bei iliyotajwa, ndogo na kubwa, siku ile ile. Kukubali au kukataa ni juu yako. Dalali anayeficha bei aliyotaja mnunuzi mmoja ili amsaidie mwingine amekwisha kuwa wakala wa yule mwingine.

Nyumba ya Kiislamu ina heshima yake. Mna haki ya kumshurutisha dalali asilete mtu bila ya kupiga simu mbele, na asije saa za usiku au wakati baba hayupo kama hamtaki. Picha za nyumba zitakazopita katika simu za watu zisipigwe mpaka vyumba vimetengezwa, wala zisionyeshe watu wa nyumbani, nguo zao wala vitabu vya watoto vyenye majina yao.

Ama aibu za nyumba, hizo hazifichwi. Bwana Mtume (S.A.W.) alipotia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni akaikuta imerowa ndani, alimlaumu mwenyewe kwa kutoiweka ile mbichi juu watu waione. Ukuta uliopasuka ukapakwa rangi wiki ya mwisho ni nafaka ile ile. Kadhalika kuleta wanunuzi wa uwongo wa kupandisha bei, jambo hili ni najshi, na limekatazwa hata kama faida yake ni yako wewe. Usitarajie dalali awe mwaminifu kwako akiwa umemtuma awe mwongo kwa mwenzio.

Ujira, na balaa ya cha juu

Sasa tufike palipo na machungu. Ujira wa dalali ni lazima ujulikane kabla ya kazi: ama fungu la bei kwa mia, ama kiasi maalumu cha fedha, na ijulikane utalipwa na nani, na lini. Kwa kuwa ujira huu ni wa kazi itakayotimia, desturi iliyo ya haki ni kulipwa nyumba inapouzwa. Anayetaka fedha za "kutembelea" kila wiki, muulize anatembelea wapi.

Mitaani kuna desturi iitwayo cha juu. Dalali humwambia mwenye nyumba, "Wewe wataka ngapi?" Akitaja, husema, "Basi zitakazozidi ni zangu." Katika jambo hili maulamaa wamehitalifiana. Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba hakuona ubaya, na Imam Ahmad aliijuzisha, wengi katika maulamaa waliikataa kwa kuwa ujira haujulikani. Lakini hata hao walioijuzisha waliijuzisha baina ya watu wawili walioambiana wazi. Hakuna aliyeijuzisha ile ya siri, ambayo mnunuzi hutajiwa bei moja na mwenye kuuza bei nyingine, na dalali akasimama katikati ili wawili hawa wasionane.

Tutoe mfano kwa hesabu. Mtu amefariki ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Nyumba imeuzwa, na dalali amewaambia warithi kwamba bei ni shilingi 6,400,000. Tukiacha kando gharama nyingine, mjane hupata thumuni, yaani shilingi 800,000. Zilizobaki 5,600,000 hugawanywa, mwana wa kiume shilingi 2,800,000 na kila binti shilingi 1,400,000. Wote wakashukuru. Kumbe mnunuzi ametoa shilingi 7,200,000. Lau ukweli ungejulikana, mjane angepata 900,000, mwana wa kiume 3,150,000, na kila binti 1,575,000. Basi yule dalali hakuchukua "cha juu" kilichokuwa kikielea hewani hakina mwenyewe. Amechukua shilingi 100,000 katika fungu la mjane, na 175,000 kwa kila binti, na 350,000 kwa mwana. Mafungu hayo Mwenyezi Mungu ameyapanga Yeye mwenyewe katika Suratun Nisaa, na huyu ameyapangua barazani.

Na balaa haiishi hapo. Siku ukweli utakapotoka, kaka aliyesimamia mauzo ndiye atakayetuhumiwa kuwa waligawana, hata kama hakujua kitu. Nyumba imekwenda, na udugu umekwenda nayo. Kinga ya hayo ni rahisi: mwenye kuuza na mnunuzi waonane uso kwa uso mbele ya mwanasheria, na bei isomwe kwa sauti warithi wote wakisikia. Dalali anayezuia jambo hili ameshajieleza mwenyewe.

Mkataba, fedha na kodi

Sheria ya Kenya haitambui mkataba wa kuuza ardhi kwa maneno matupu. Ni lazima uandikwe, utiwe saini na pande zote, na ushuhudiwe. Wala si jambo la kizungu hili. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Wazee wetu nao wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Fedha zisipite mkononi mwa dalali. Desturi ya mikataba ya mauzo Kenya ni mnunuzi kutoa asilimia 10 mwanzo, na zilizobaki kulipwa wakati wa kukamilisha, aghlabu katika siku 90. Fedha hizi hukaa kwa mwanasheria au hupita katika benki. Hati ya asili nayo usimkabidhi dalali aende nayo mitaani, mpe nakala. Na wewe uwe na mwanasheria wako mwenyewe, usitosheke na wa mnunuzi.

Dalali hodari atakukumbusha pia kodi mapema, kabla hujazitumia fedha katika mawazo yako. Ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia 4, ni juu ya mnunuzi. Lakini kodi ya faida ya mauzo ni juu ya mwenye kuuza, nayo tangu Januari 2023 imekuwa asilimia 15 ya faida, baada ya kuwa asilimia 5 tangu 2015. Mtu anayeuza nyumba aliyokaa mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza husamehewa. Wengi hawajui msamaha huu. Basi muulize mwanasheria mapema kama wewe wamo ndani yake.

Haki ya dalali

Tumesema mengi juu ya haki za mwenye kuuza, na si insafu kunyamaza juu ya haki za dalali. Iko dhulma nyingine inayotendwa na watu wanaoswali safu ya mbele. Dalali amehangaika miezi mitatu, amemleta mnunuzi, kisha mwenye nyumba na mnunuzi wakaonana usiku wakauziana wenyewe, ili yule asipate chake. Hiyo ni kula jasho la mtu, na Bwana Mtume (S.A.W.) ameamrisha mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka. Ukimpa dalali mmoja kazi peke yake kwa muhula maalumu, utimize muhula. Na kama umewapa watatu, kila mmoja ajue.

Nasaha kwa vijana

Enyi vijana, ninyi mmesoma kuliko baba zenu. Mzazi anapotaka kuuza nyumba, kaeni naye, msomeeni karatasi neno kwa neno, na msiache atie saini jambo asilolifahamu. Na katika ninyi wako wanaoishika kazi ya udalali kwa sababu kazi nyingine zimekuwa adimu. Msione haya. Jisajilini, jifunzeni, na semeni kweli. Bwana Mtume amefundisha kwamba wenye kuuziana wakisema kweli na wakabainisha aibu za mali, mauzo yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uwongo baraka hufutwa. Dalali asemaye kweli hatangazi jina lake. Hutangazwa na waliouza kwake.

Basi kabla hujampa mtu ufunguo, chukua karatasi moja uandike: jina lake na namba ya kusajiliwa kwake, nyumba ipi, bei ya chini usiyoishuka ila kwa ridhaa yako, ujira ni kiasi gani na utalipwa lini, muhula wa kazi ni miezi mingapi, na kwamba kila bei itakayotajwa italetwa kwako. Tieni saini nyote wawili, na shahidi. Karatasi hiyo haitajaza kurasa mbili, na kuiandika hakuchukui muda mrefu kuliko kunywa chai.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wanaotekeleza amana na kutimiza ahadi, na azihifadhi nyumba zetu na watu wake. Amin.